Figo Inamwaga Belo Zima

Maneno ya muuguzi mstaafu kwa wafanyabiashara wa mitumba, soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, asubuhi ya Siku ya Figo Duniani

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, shikamoo zenu nimeshaziitikia pale mlangoni. Mwenyekiti wa soko amenipa nusu saa, na sababu naiona kwa macho: mabelo yamepangwa pale nyuma, na mteja wa alfajiri hamsubiri mtu. Nina tangazo moja tu kabla sijaanza. Aliyebanwa na haja ndogo anyanyuke aende, asinionee haya. Kubana mkojo kwa kuniheshimu mimi, leo, ni kunitukana.

Nimefanya uuguzi miaka 33, na 12 ya mwisho nilikuwa kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu. Humo ndani niliulizwa swali lile lile na wagonjwa, na ndugu zao, hata na mlinzi wa getini: "Sista, hivi figo inafanya kazi gani hasa?" Nilikuwa na jibu langu la siku zote. Figo ni chujio, kama lile la chai. Uchafu unabaki, damu safi inapita. Mtu anatikisa kichwa, tunaendelea na kazi. Baadaye niligundua kwamba nilikuwa nawadanganya, na aliyenifumbua macho ni binti wa dada yangu, anayeuza magauni humu humu sokoni.

Nilikuja asubuhi moja nikamkuta anafungua belo. Mimi nilidhani ataingiza mkono, atatafuta yale yaliyochanika ayatupe, basi. Wala. Alikata mikanda, akamwaga belo zima kwenye turubai, zuri na bovu pamoja. Ndipo akaanza kuokota. Hili gredi ya kwanza, linakwenda kwenye henga. Hili la pili. Hili nalo lirudi. Alichokiacha kwenye turubai ndicho kilichokwenda kuwa matambara ya mafundi magari. Nikasimama pale na kikombe changu cha uji nikasema, jamani, hii ndiyo figo!

Figo haitafuti uchafu ndani ya damu. Inamwaga karibu kila kitu nje, maji, chumvi, sukari, madini, uchafu, halafu inaokota kilicho chake na kukirudisha. Kisichookotwa ndicho mkojo. Kila nitakachosema leo kinatoka hapo.

Sasa ziko wapi? Wengi mkiambiwa shika figo mtashika kiuno, hapa penye mkanda. Pandisheni mikono. Zipo mgongoni, moja kila upande wa uti wa mgongo, zimejificha chini ya mbavu za mwisho. Ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake kama mpangaji mkubwa. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12, kama ngumi yako, na umbo la harage. Maharage mnayafahamu, sina haja ya kuchora.

Udogo huo usiwadanganye. Katika damu inayosukumwa na moyo, karibu robo yake inakwenda kwenye figo hizo mbili. Ni zaidi ya lita moja kila dakika. Mtu mzima ana lita kama 5 za damu, kwa hiyo muda huu mfupi niliosimama hapa, damu yenu yote imeshapita figoni, na inapita tena.

Ikifika figoni, damu inagawanywa kwenye mitambo midogo sana inayoitwa nefroni. Kila figo inazo kama milioni 1. Mwanzoni mwa kila nefroni kuna fundo la vimishipa vyembamba vilivyojiviringa kama uzi uliokorogeka. Mwitaliano Marcello Malpighi aliyaona mafundo hayo kwa hadubini tangu mwaka 1666. Ndani ya fundo damu ina msukumo mkubwa kuliko kwenye vimishipa vingine vidogo vya mwili, na kuta zake zina vitundu. Chembe za damu ni kubwa, hazipiti. Protini nazo, karibu zote, hazipiti. Vilivyobaki vinamwagwa. Belo limefunguliwa.

Na ni belo kubwa kweli. Kwa siku moja figo zako zinamwaga lita 180. Chukua madumu ya maji yale ya lita 20, yapange tisa hapa mbele. Hayo tisa yote yametoka kwenye damu yako tangu jana saa kama hii. Ndani yake kuna chumvi kama kilo moja na nusu, na sukari gramu 180 hivi. Sasa jiulize: jana ulikojoa madumu tisa? Ulikojoa lita moja na nusu tu, ile chupa kubwa ya maji ya dukani. Kilichobaki chote kilirudishwa. Zaidi ya asilimia 99 ya maji yanarudi, sukari inarudi yote, na chumvi inarudi karibu yote.

Kuna kijana pale anatikisa kichwa, najua anachowaza. Mbona ni ujinga, kutoa madumu tisa ili utupe chupa moja? Si figo ingetafuta tu kile kibovu? Hata mimi niliwaza hivyo. Lakini fikiri kama mfanyabiashara. Ukiwa wa kutafuta mabovu, lazima uyajue mabovu yote duniani. Figo haina haja hiyo. Leo umekunywa dawa ambayo bibi yako hakuwahi kuisikia, umekula rangi ya juisi iliyotengenezwa mwaka huu. Figo haiwezi kuvijua. Inachokijua ni mali yake: maji, chumvi, sukari, madini kadhaa. Mgeni ambaye hakuna anayemfahamu hana wa kumrudisha, anabaki kwenye turubai, anakwenda zake. Zipo sumu zinazoiponyoka njia hii, na takataka nyingine figo huzitoa kwa kuzisukuma yenyewe, lakini kazi kubwa ndiyo hiyo ya kumwaga na kuokota.

Hapo ndipo mtaelewa kisukari. Sukari inaokotwa na wabebaji maalumu ukutani mwa mirija ya nefroni, inakopita ile mali iliyomwagwa, na wabebaji hao wana idadi, kama makuli wa humu. Sukari ya damu ikivuka milimoli 10 hivi kwa lita, makuli wanazidiwa. Mizigo inabaki chini, inakwenda na mkojo, na sukari ikitoka haiendi peke yake, inavuta maji. Ndiyo maana mtu wa kisukari anakojoa mno, na kwa kuwa anakojoa mno anapata kiu mno. Wazee wetu waliona sisimizi wamezunguka pale mtu alipokojoa wakajua kuna jambo. Waganga wa India ya kale nao waliuita mkojo wa asali. Hakuna aliyekuwa na kipimo, walikuwa na sisimizi.

Maji nayo yana habari yake. Mirija ya nefroni inashuka chini ndani ya figo, inakata kona kali, inapanda tena. Kitanzi hicho kinaitwa kitanzi cha Henle, kwa jina la Mjerumani Jakob Henle aliyekieleza mwaka 1862. Kazi yake ni kutengeneza eneo lenye chumvi nyingi katikati ya figo, ili maji yavutwe kurudi mwilini na mkojo uwe mzito. Wanyama wa jangwani wana vitanzi virefu, hukojoa matone. Sisi tuna vya wastani. Ndugu zetu wavuvi wa Feri wanalijua hili bila kusoma: ukiishiwa maji baharini, usinywe ya bahari. Figo ya binadamu haiwezi kutoa mkojo wenye chumvi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo kila lita utakayokunywa itakugharimu zaidi ya lita moja ya maji yako kuitoa chumvi yake. Unakunywa huku unakauka.

Nani anaamua maji yarudi kiasi gani? Tezi ndogo chini ya ubongo. Ukikaukiwa, inatoa homoni inayoiambia figo, okota maji, usiache hata tone. Dereva wa bodaboda aliyeshinda juani Buguruni, mkojo wake jioni una rangi ya chai ya rangi. Homoni imefanya kazi. Ukinywa maji ya kutosha homoni inapungua, mkojo unakuwa wa njano hafifu. Rangi hiyo ndiyo kipimo chenu cha bure. Sitawaambia glasi ngapi, maana anayesukuma mkokoteni na anayekaa kwenye kiyoyozi Posta hawawezi kunywa sawasawa. Tazameni rangi. Ila msishtuke bure: vidonge vya vitamini vinaweza kuufanya njano kali, na mwenye kutumia dawa ya kifua kikuu atakojoa rangi ya chungwa, ni dawa tu.

Na ninyi mnaosema bia inasafisha figo, nimewaona mnatazamana. Pombe inaizima ile homoni. Figo inaacha kuokota maji, unakwenda chooni mara sita, unarudi unajisifu. Hukusafisha kitu. Umetupa maji yako mwenyewe, ndiyo maana asubuhi kichwa kinagonga na ulimi umekuwa kama kipande cha turubai. Vivyo hivyo kwa wanaopita na chupa za "kusafisha figo". Hivi kitu kinachomwaga madumu tisa na kuyaosha kila siku, wewe utakiosha na chupa ya elfu kumi? Miti mingine ina sumu kwa figo hiyo hiyo. Nimewapokea watu waliokwenda kuisafisha ikiwa nzima.

Mkojo ukishakamilika hauanguki tu kama maji ya paipu. Kila figo ina mrija wa kuuteremsha, urefu wake karibu rula ya shule, na kuta zake zinajikamua kwa mawimbi, tone kwa tone. Ukisimama kwa kichwa mkojo utafika kibofuni vile vile. Aliyewahi kukwamwa na jiwe humo anayajua mawimbi hayo. Maumivu yanakuja, yanaachia, yanakuja tena, kwa sababu mrija unalikamua jiwe na jiwe halitaki. Wanawake wenzangu waliozaa na wakapata jiwe, wapo wanaosema afadhali uchungu wa mtoto.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kikifika mililita 200 hivi kinatuma salamu ya kwanza. Kikifika 400 au 500, salamu inageuka amri. Mama zangu wa chakula, hapa nawalenga ninyi. Mnashinda hamnywi maji ili msiende chooni, kwa sababu choo ni cha kulipia, kiko mbali, na ukiacha sufuria nani atalinda. Sitawalaumu, wa kulaumiwa ni aliyejenga soko la watu maelfu kwa vyoo vya kuhesabu kwa vidole. Kubana mara moja hakuui figo. Lakini mkojo uliotuama unawapa vijidudu nafasi ya kuzaana, na kwetu wanawake njia ya mkojo ina sentimita 4 tu, wakati ya mwanamume ni kama 20. Mdudu ana safari fupi kwetu. Hiyo ndiyo UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Na hapa niseme kwa uchungu kidogo: siku hizi kila homa Dar es Salaam inaitwa UTI. Mtu anaumwa kichwa, ni UTI. Amechoka, ni UTI "sugu". Anakwenda duka la dawa anameza antibaiotiki siku mbili, anaacha. UTI ya kibofu ina dalili zake: kuungua unapokojoa, kwenda mara kwa mara, kukojoa kidogo kidogo. Zikiwapo, pima mkojo kwanza.

Wanaume wenye umri, mkojo ukianza kutoka kwa kusuasua, ukiamka usiku mara nne, huenda tezi dume imekua na kuibana njia. Njooni mapema, msingoje mpaka izibe kabisa, maana mkojo ukikosa njia ya chini unarudisha msukumo juu mpaka figoni. Na mkojo wenye damu si wa kupuuza kwa yeyote. Ukanda wetu huu wa pwani una kichocho, kile cha njia ya mkojo, kinachotoka kwa konokono wa madimbwini. Zamani kule kwetu kijana akikojoa damu walisema amebalehe. Ni mnyoo, na dawa yake ipo.

Nirudi kwenye figo zenyewe, maana kuna kazi tatu ambazo watu hawazijui. Figo inapima hewa ya oksijeni inayoletwa na damu, ikiona imepungua inatuma homoni kwenye uboho wa mifupa, itengeneze chembe nyekundu zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa figo anaishiwa damu hata akila rosela na matembele ndoo nzima. Figo inaikamilisha vitamini D ili mifupa ipate madini. Na figo ndiyo mmoja wa wasimamizi wakuu wa presha. Ikihisi damu inayofika ni kidogo, inatoa kitu kiitwacho renini, na mlolongo unaanza wa kukaza mishipa na kubakiza chumvi, presha inapanda.

Sasa tazameni mtego. Presha ikiwa juu miaka mingi, yale mafundo ya vimishipa yanapigwa kila sekunde, yanakakamaa, yanakufa. Figo iliyougua inaona damu haiji vizuri, inapandisha presha zaidi. Presha inaua figo, figo inapandisha presha. Kisukari kinaharibu vitundu vya mafundo, protini ambayo haikutakiwa kupita inapita, na mkojo unatoa povu lisiloisha. Haya yote hayaumi. Ninyi mnaoshika kiuno mkiinua mabelo mkasema "figo zangu", mara nyingi ni misuli tu. Nefroni zikifa, zilizobaki zinabeba kazi ya marehemu kimya kimya, na kipimo cha damu cha kreatinini, takataka ambayo figo huitoa, kinaweza kusoma vizuri hata karibu nusu ya kazi ikiwa imepotea.

Nilimpokea kijana mmoja, kuli, miaka 38. Alikuja anahema, miguu imejaa, viatu havivaliki. Presha yake ilikuwa 220 kwa 130. Nikamuuliza, umepima lini mara ya mwisho? Akanijibu, "Sista, mimi sijawahi kuumwa." Alikuwa anasema kweli. Kitu alichokuwa anaumwa ni mgongo, kwa ajili ya mizigo, na kila usiku kwa miaka alimeza diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Dawa hizi, na ibuprofeni ni ndugu yake, zinazuia kemikali zinazoushikilia wazi mlango wa damu kuingia kwenye fundo. Mtu aliyekunywa maji na mwenye figo nzima, siku mbili tatu hazimdhuru sana. Mtu aliyekauka jasho, mwenye presha, anayemeza kila siku, anaufunga mlango huo kwa mkono wake.

Tulimweka kwenye mashine. Mashine hiyo asili yake ni Uholanzi, mwaka 1943, nchi ikiwa imekaliwa na Wajerumani. Daktari Willem Kolff alizungusha damu ya wagonjwa ndani ya ngozi bandia za soseji zilizozamishwa kwenye maji ya chumvi. Karibu wote wa mwanzo walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 alizinduka. Leo mashine ni nzuri mno kuliko ile, lakini niwaambie siri yake: haijui kuokota. Inategemea maji yaliyopimwa chumvi na madini mapema ili visitoke visivyotakiwa kutoka. Inafanya saa 4, mara 3 kwa wiki, kazi ambayo figo haikuiacha hata dakika moja. Homoni ya damu haitengenezi, lazima sindano. Yule kijana aliniambia kitu kigumu kuliko sindano ni kuhesabu glasi za maji, kwa sababu hakojoi tena.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna swali moja nililoulizwa pembeni, ngoja nilijibu hadharani: anayetoa figo moja kwa ndugu yake, ataendelea kubeba mizigo? Akipimwa akaonekana anafaa, ndiyo. Figo inayobaki inakua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Wapo wanaozaliwa na moja, wanazeeka nayo bila kujua. Hapa kwetu upandikizaji ulianza Muhimbili mwaka 2017, kabla ya hapo safari ilikuwa India.

Haya. Kipimo cha presha kipo meza ya kushoto, usipime umetoka kubeba belo, kaa dakika 5 kwanza. Vikombe vya mkojo viko kwa yule dada wa kitenge cha bluu, na choo leo hamlipi, nimehakikisha. Kijiti cha kupimia mkojo kitatuonyesha protini, sukari na damu. Mkojo tunaoutaka ni wa katikati: wa kwanza uache upite, kinga kikombe, wa mwisho nao uache. Mama zangu, mtangulie ninyi.